Sarafu ya Arobaini na Mawe ya Yordani

Somo la juma: Yoshua 4:1-24, Kumbukumbu la Torati 8:1-18

Kabla hujaendelea kusoma, hebu fungua kibeti ama tia mkono mfukoni, umwage chenji yako mezani. Usione haya kama ni mbao moja na kobole mbili, mwisho wa mwezi tunaujua sote. Ziangalie hizo sarafu kama mtu anayeziona mara ya kwanza. Yenye twiga ni shilingi moja. Kifaru ni tano, simba ni kumi, ndovu ni ishirini. Hizo zilizinduliwa Desemba 2018, na hazina uso wa mtu kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa ya Kenya. Pengine katikati yao kuna iliyochoka, yenye uso wa Mzee Jomo Kenyatta ama wa Mzee Moi. Hiyo bado ni pesa. Iliyoondolewa mwaka 2019 ni noti ya zamani ya elfu moja, na mnakumbuka foleni za benki za ile Septemba. Sarafu hazikuguswa.

Na ukiwa na bahati kuna moja ambayo wengi wenu hamjaishika kwa miaka mingi: shilingi arobaini.

Benki Kuu ya Kenya iliitoa Desemba 2003, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Ni ya metali mbili, duara moja ndani ya lingine. Upande mmoja una nembo ya taifa na upande wa pili uso wa Rais Mwai Kibaki. Katika sarafu za kawaida za mfukoni, uso wake uko kwenye hiyo tu. Ilikuwa pesa halali, ya kununua sukuma na kulipa nauli, lakini haikukaa sana mikononi mwa watu. Yeyote aliyeipata kwenye chenji aliiweka kando. Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa kanuni inayoitwa ya Gresham, kwa jina la mfanyabiashara wa Uingereza wa karne ya 16: mtu akiwa na pesa mbili za thamani moja, ile anayoipenda anaificha na ile asiyoijali anaitumia. Ndiyo sababu noti iliyochanika inazunguka mtaa mzima, na sarafu ya arobaini imelala kwenye mikebe, droo na vitambaa vya akina mama huku Eastlands kote.

Wazee wetu wa Kaloleni na Jericho watakwambia haikuwa ya kwanza. Mwaka 1973 kulitolewa shilingi tano ya pande tisa, ya miaka 10 ya uhuru, yenye uso wa Mzee Kenyatta. Na kabla Kenya haijawa na sarafu zake yenyewe mwaka 1966, tulitumia zile za Afrika Mashariki nzima, za Mfalme na Malkia wa Uingereza. Zile za senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, na watu wakizitunga kwa kamba kama samaki. Mzee mmoja wa ibada ya kwanza bado anazo saba kwenye uzi. Ukimgusia habari hiyo, jipange. Hutatoka hapo kabla ya saa moja.

Sasa tuingie kwenye Neno.

Yoshua sura ya 4. Israeli wamevuka Yordani mahali pakavu. Mbele yao kuna Yeriko (ile ya Biblia, si hii yetu ya kando ya Jogoo Road) na kuta zake. Mtu wa mipango angetarajia amri ya kwanza iwe ya vita: hesabu panga, tuma wapelelezi. Lakini Bwana anamwambia Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja kutoka kila kabila, warudi katikati ya mto mahali miguu ya makuhani iliposimama, kila mtu abebe jiwe begani mpaka mahali watakapolala usiku ule. Sababu inatolewa mara mbili katika sura hiyo moja, aya ya 6 na aya ya 21. Ni kwamba watoto watauliza.

Angalieni hapo vizuri. Yalikuwa mawe ya mto, ya kawaida kabisa. Hayakuandikwa kitu. Mtoto akiyaona Gilgali hawezi kujua kama ni ukumbusho ama kuna mtu alikuwa anataka kujenga akaishiwa pesa. Jiwe halijielezi. Kazi yake ni kumfanya mtoto aulize, halafu mtu mzima awe karibu, awe anajua, na awe tayari kufungua kinywa. Hayo matatu yasipokuwepo, mawe yanabaki kuwa mawe.

Sarafu ya arobaini ina maandishi na ina picha, na bado iko vilevile. Mwezi uliopita niliwapelekea watoto wa shule ya Jumapili moja. Wa kwanza akauliza kama ni pesa ya kuchezea. Wa pili akasema kwa ujasiri mkubwa kwamba huyo ni Moi. Mzee Kibaki amefariki Aprili 2022, juzi tu kwa hesabu yangu, na kwa hawa watoto tayari ni mtu wa vitabuni. Sikuwalaumu. Hawajui kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nami, ingawa naona Katiba ilifanya vyema kuondoa nyuso (uso kwenye pesa huleta maneno), nakiri kuna kitu tumepoteza. Hakuna mtoto atakayeuliza twiga alifanya nini mwaka 2003.

Basi wacha niwaambie wale wadogo 2003 ilikuwaje. Mimi nilikuwa na miaka 13. Mwaka uliotangulia nilirudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya pesa za shule, na kila mara mama alinirudisha na nusu na maneno mengi ya kumwambia mwalimu. Kisha tarehe 30 Desemba 2002 Kibaki akaapishwa Uhuru Park, akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani, na Januari elimu ya msingi ikawa bure. Kwa hesabu za serikali, watoto wa shule za msingi walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Darasani kwetu tulikaa wanne kwenye dawati la wawili, na mwalimu alipita kati yetu kwa ubavu. Lakini hakuna aliyesimamishwa mlangoni na karatasi ya deni. Mama alisimama kanisani akashuhudia, na nusu ya kanisa ikasimama naye. Mtaani watu walikuwa na ujasiri ambao sijauona tena: abiria wakimkataza trafiki kuitisha kitu kidogo, mchana kweupe, na trafiki akiona aibu. Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo sarafu ile ilipoingia kwenye chenji.

Sasa kuna jambo lililotokea katikati yetu. Wenyewe wameniruhusu kuliandika, bila majina.

Miezi michache iliyopita kijana wa kikundi cha nyumbani cha Umoja alinishika mkono baada ya ibada ya pili, akanionyesha simu. Kuna mtu mtandaoni aliyekuwa anasema ananunua sarafu ya arobaini kwa shilingi elfu themanini. "Pasi, wewe si ulisomea biashara? Hii kitu iko sawa?" Nyumbani kodi ilikuwa imelala miezi miwili na mwenye nyumba alishaanza kutaja kufuli. Sarafu alikuwa nayo mfukoni, amepata kwenye mkebe wa Blue Band chini ya kitanda cha mama yake.

Nikamuuliza huyo mnunuzi anataka nini kwanza. Akasema elfu mbili mia tano kwa M-Pesa, pesa ya usajili, halafu atume picha, halafu mtu wa kampuni aje.

Ndugu zangu, hapa naongea kama mtu wa vitabu vya hesabu na pia kama mchungaji wenu. Mnunuzi hulipa, halipwi. Mtu akikuambia umtumie pesa ndio anunue kitu chako, jua bidhaa hapo ni wewe. Bei ya kitu hutokana na uhaba wake, hali yake, na watu wangapi wanakitaka. Sarafu hii ilitolewa izunguke nchi nzima, kwa hivyo iko kwenye mikebe mingi. Wako wanaokusanya sarafu, na safi isiyokwaruzwa inaweza kukupatia zaidi ya arobaini. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayekulipia kodi ya mwaka kwa kitu ambacho jirani yako pia anacho. Msitume hiyo pesa ya usajili. Waambieni na wazazi wenu waliobaki ushago, manake hao matapeli wanapenda sana namba za wazee.

Kijana alielewa haraka, ni mwerevu. Nikamuuliza kama mama anajua sarafu imetoka nyumbani. Akanyamaza. Jioni hiyo tukaenda pamoja.

Mama yule ni mshiriki wa siku nyingi, mpole, anayefagia madhabahu Ijumaa bila kuombwa. Kijana alipoiweka sarafu mezani, aliiangalia muda mrefu kabla ya kusema kitu. Kisha akasema, "Mchungaji, hii ni ya baba yake." Mumewe alikuwa makanga wa matatu ya Buruburu. Usiku mmoja wa Desemba 2003 aliingia na sarafu hiyo, abiria amempa kama nauli. Akaitoa kwenye hesabu ya gari, akalipia arobaini kutoka kwenye pesa yake. Mama alikuwa na mimba. Akamwambia, hii hatutumii, hii ni ya mtoto, atazaliwa kwenye Kenya nyingine.

Januari 2008 alitoka asubuhi kwenda kazini kama kawaida. Kulikuwa na kizuizi barabarani, na vijana waliokuwa wanauliza watu majina yao ya ukoo. Hakurudi.

Mama alikuwa amewaambia watoto kwamba baba alikufa kwa ajali. Miaka kumi na saba na zaidi alikuwa amesema hivyo, hata fomu za shule zimeandikwa hivyo. Jioni hiyo ndiyo mara ya kwanza kijana alisikia. Sitaandika yote yaliyosemwa. Nitasema tu kwamba hakuna aliyezungumzia elfu themanini tena, na kwamba kijana aliuliza maswali mpaka chai ikapoa mara mbili. Kuhusu kodi, kikundi cha Umoja kilichanga mwezi mmoja, na wazee wawili wa kanisa wakazungumza na mwenye nyumba akubali ule wa pili kwa awamu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, na nawashukuru.

Nimekuwa nikisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 8 tangu siku hiyo. Hata jina la kitabu lenyewe, kwa Kiswahili chetu, limekwisha kufundisha nusu ya somo. Musa anaongea na watu waliotembea miaka 40. Nisieleweke vibaya, sisemi sarafu ile ilikuwa unabii kwa sababu ya namba. Arobaini ni arobaini, na watu wanaotafuta siri kwenye namba mwishowe huitafuta kwenye bahati nasibu. Ninachotaka mwone ni aya ya 2. Amri ni kuikumbuka njia yote. Aya ya 3 inaweka njaa na mana katika sentensi moja, na anayesemwa kuwaacha waone njaa ni Bwana yuleyule aliyewalisha. Aya ya 4 inataja nguo ambazo hazikuchakaa na miguu ambayo haikuvimba. Mungu anataka wakumbuke nyayo zao.

Sisi hapa, niseme ukweli, tunapenda ushuhuda wa mwisho wa barabara. Mtu akisimama Jumapili aseme amepata gari, tunashangilia mpaka mabati yanalia. Akisimama mwingine aseme bado anangoja, tunasema "amina" ndogo ya kumsaidia akae chini. Matokeo yake watu wanajifunza kuleta kanisani sehemu za maisha zilizokwisha kupigwa pasi. Nyingine zinabaki chini ya kitanda, kwenye mkebe.

Na taifa tumefanya hivyo hivyo. Tunakumbuka 2003 kwa nyimbo. Miaka minne baadaye, sarafu hiyohiyo ilikuwa kwenye mifuko ya watu waliosimamishwa kwenye vizuizi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133. Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa la Kipentekoste kama hili letu lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Huku kwetu Eastlands, Huruma na mitaa jirani, wapo mliohama usiku na godoro kichwani, na leo mnakaa benchi moja na watu wa lile kabila mlilolikimbia. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hatujawahi kulisema kwa sauti humu ndani, na watoto wetu wanakua wakisikia habari hizo kutoka kwa wanasiasa tu, kila miaka mitano, kwa namna inayowafaa wanasiasa.

Katika kikundi cha vijana, mmoja aliyezaliwa baada ya 2003 aliniuliza: "Nyinyi mlipewa sarafu ya matumaini. Ikawa nini?" Hakuuliza kwa dharau. Mwaka 2024 aliona wenzake barabarani na wengine hawakurudi nyumbani. Nilimjibu kwa njia yote ya aya ya 2: nikamwambia habari ya madawati, na nikamwambia habari ya vizuizi. Nilimwambia pia kwamba mama yangu, aliyeshuhudia kwa furaha Januari 2003, Januari 2008 aliwalaza wageni sita wa kabila lingine kwenye chumba chetu kimoja kwa siku tisa, akisema ni binamu zake. Mungu aliyetupa mana alikuwa ndani ya chumba kile pia.

Kuna aya moja ya Yoshua 4 ambayo wahubiri huiruka, nayo ni ya 9. Yoshua alisimamisha mawe mengine kumi na mawili katikati ya Yordani penyewe, pale makuhani waliposimama. Fikirini. Maji yakirudi, mawe hayo hayaonekani tena. Hakuna mtoto atakayeyauliza. Kwa nini mtu ajenge ukumbusho chini ya maji? Wafafanuzi wana maoni yao. Langu ni kwamba kuna sehemu za kuvuka kwetu ambazo Mungu pekee ndiye anajua ziko wapi, na yeye hakudai zote zibebwe Gilgali kwa siku moja. Kwa hiyo simlazimishi mtu. Yule mama alikaa na jiwe lake chini ya maji miaka mingi, na Bwana hakumkaripia. Wakati ulipofika, aliinama mwenyewe akalitoa.

Na neno kidogo kwa waliobarikiwa, mlio na ploti Kayole na duka Donholm: someni aya ya 17 na 18 polepole. Nawajua wengine wenu mlianza na meza ya viazi.

Vikundi vya nyumbani, hivi ndivyo tutafanya juma hili. Someni Yoshua 4 yote kwa sauti, mkigawana aya. Kila mtu aje na kitu kimoja kidogo alichokihifadhi: sarafu, risiti, tiketi ya basi la zamani, chochote. Asiyetaka kueleza chake akiweke tu mezani, na asiulizwe. Wazee waanze, vijana waulize, simu zikae kwenye mifuko. Swali la kujadili ni hili: ni sehemu gani ya njia yetu ambayo watoto wa kanisa hili hawajawahi kuambiwa, na nani kati yetu alikuwepo? Viongozi wa vikundi, msikimbilie kufunga kwa maombi mtu akianza kulia. Mpeni maji, mngoje.

Jumapili ijayo Mchungaji Mkuu anaendelea na Yoshua sura ya 5. Someni mapema, hasa aya ya 12, siku mana ilipokoma.